Sekunde Arobaini Nilizozikata

Kwako Dada,

Shikamoo. Salamu zangu zikukute umeketi, maana barua hii ni ndefu na sitaki uisome umesimama mlangoni na ndoo mkononi, kama ulivyozoea kusoma barua za watu. Mimi ni mzima. Masikio yangu pia ni mazima, na siku hizi hayo ndiyo yanayonilisha. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu je, yule wa pili bado anavificha viatu vyake ili asivivae? Mwambie mjomba wake anauliza.

Wiki iliyopita Mama alinipigia simu. Tuliongea habari za bomba linalovuja, za jirani aliyehama. Kabla hajakata akashusha sauti, akasema kwamba tangu ulipotoka kwenye kwaya hujaimba tena. Si kwaya tu, alisema, hata ukienda kwake kumfulia unafua kimya. Alisema nyumba yake imekuwa kama ofisi. Nilimwambia yatapita tu hayo, nikakata simu upesi.

Dada, nina jambo la kukuambia kuhusu wimbo ule wa kwaya yenu uliopigwa redioni. Lakini nikilisema sasa hivi hutalielewa, na hata ukilielewa hutaliamini. Kwanza nikueleze kazi hii ninayojifunza. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kelele nikiwa na miaka minne, kwa hiyo vumilia kelele zangu kidogo.

Studio yetu iko juu ya duka la magodoro. Mwenye duka hutupa mabaki ya sponji, nasi tumeyabandika ukutani ili sauti isirukeruke chumbani. Ukiingia na kufunga mlango, unahisi kama mtu amekuziba masikio kwa viganja. Mkubwa wangu wa kazi ni mama mmoja wa makamo, miwani yake ameifunga kwa kamba ya kiatu, na sisi wote humwita Bi Taratibu kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Ukigusa kitufe, taratibu. Ukikohoa, taratibu. Siku moja umeme ulikatika na kazi ya siku nzima ikapotea, na kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe akasahau kusema taratibu. Alichosema sitakiandika hapa.

Miezi mitatu ya mwanzo hakuniruhusu kugusa kitu. Alinikalisha kwenye kiti, akanivalisha hedifoni, akaniambia nifumbe macho nitaje kila kilichomo ndani ya wimbo. Nilijitia mjuaji. Akaniwekea wimbo ambao mimi na wewe tumekua nao, ule Baba alioupenda, nikataja ngoma, besi, magitaa mawili, mwimbaji. Akasema rudia. Nikarudia mara sita. Mara ya saba nikasikia, nyuma kabisa upande wa kushoto, mtu anatikisa kitu kama mkebe wenye mchele. Dada, mtu huyo alikuwapo tangu tukiwa watoto. Alitikisa mkebe wake kwa dakika nne bila kuchoka, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa sijawahi kumsikia. Nilivua hedifoni nikamtazama Bi Taratibu kama mtu aliyeona jini. Yeye aliendelea kunywa maji yake.

Baada ya hapo ndipo akaanza kunifundisha kuchanganya. Kila sauti iliyorekodiwa ina mstari wake kwenye kompyuta: ngoma mstari wake, kinanda mstari wake, kila mwimbaji mstari wake. Kazi ya kuchanganya ni kuzikalisha pamoja bila kukanyagana. Mara ya kwanza nilikuwa na gitaa lisilosikika, nikaliongeza, likawa linapiga kelele, lakini bado halisikiki vizuri. Bi Taratibu akalirudisha lilipokuwa. Akapunguza kidogo kinanda, akapunguza kidogo besi, na gitaa likatokea lenyewe likiwa halijaguswa. Nilimuuliza amefanyaje, akasema amelipisha njia tu.

Ukimaliza kuchanganya kuna hatua ya mwisho tunayoiita masta. Hapo wimbo umeshakuwa kitu kimoja, huwezi tena kumgusa huyu ukamwacha yule. Unautengeneza wote ili ukitoka kwetu usimame popote, kwenye gari, kwenye ukumbi, kwenye simu ya mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Na si nyimbo tu. Filamu nazo huja kwetu. Ililetwa moja ambamo mama mmoja anakunja nguo huku akimsubiri mumewe, na maneno yao ni machache. Nilipewa kazi ya kuyasafisha. Kila palipokuwa hakuna neno nikafuta kabisa, pakawa tupu. Bi Taratibu alipotazama, akaniuliza kama yule mama anakunja nguo chini ya maji. Na kweli, kila wakinyamaza masikio yalikuwa kama yameziba. Akachukua sauti nyingine, akaitandika chini ya maneno yote, na chumba kile kikawa hai. Nikauliza ile ni sauti gani. Akasema ni ukimya wa chumba kile kile. Wapiga picha walipomaliza kazi waliwaambia watu wote wasimame kimya, wakarekodi kimya hicho kwa dakika moja. Kumbe kila chumba kina kimya chake, na masikio yanakijua hata kama mwenyewe hujui. Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu ili nisikilize tu.

Sasa nikueleze desturi moja ya pale, maana ndiyo iliyonileta kwenye barua hii. Studio yetu ina spika kubwa mbili ambazo Bi Taratibu huzifunika kitambaa kila jioni kama watoto wachanga. Lakini hakuna kazi inayotoka mle kabla haijapita kwenye redio ya kijani. Hii ni redio kuukuu yenye spika moja, betri zake zimeshikiliwa kwa mpira, imekaa jikoni kando ya birika. Iwe wimbo, iwe filamu, tunaunganisha waya, tunasimama jikoni na vikombe mikononi, tunasikiliza mpaka mwisho. Mimi niliona ni mambo ya kizee. Nilimtania kwamba ni sawa na kumshonea mtu suti kisha kuipimisha kwa mbuzi. Akasema wasikilizaji wengi nyumbani kwao hawana spika kama zetu, basi. Hakunieleza zaidi, nami sikuuliza.

Sasa nije kwenye wimbo wenu.

Mwaka jana mwalimu wenu wa kwaya aliponiomba nije kuwarekodi, Bi Taratibu alikuwa akijiandaa kusafiri kumuuguza kaka yake. Aliniamini, akaniachia maiki na ufunguo. Unakumbuka tulivyofanya pale ukumbini. Asubuhi niliwarekodi waitikiaji wote pamoja na kinanda, na mchana nikakurekodi wewe peke yako, wengine wakiwa nje, ndani wamebaki nasi mwalimu na mpiga kinanda tu, ili sauti yako niipate safi. Uliimba mara moja tu. Mimi nilikuwa pembeni kwenye mashine, hedifoni masikioni, nywele zimenisimama. Najua nyimbo za watu wengi sasa. Lakini siku ile nilisikia sauti ambayo imenibembeleza, imenigombeza, imeniita kula, na nilikuwa sijui kama ni kubwa kiasi kile.

Nilirudi studio nikiwa na hamu moja tu, wewe uonekane. Nilikuwa nimetazama mtandaoni somo la kijana mmoja anayejiamini sana, akifundisha namna ya kuifanya sauti moja ijaze dunia. Unatengeneza nakala ya sauti. Moja unaiweka kushoto, nyingine kulia, halafu ile ya kulia unaigeuza juu chini. Nikafanya. Dada, sauti yako ilitoka ndani ya hedifoni ikaja kusimama pande zote za chumba, mpaka nikageuka kutazama nyuma. Nilicheka peke yangu. Nilidhani nimeshakuwa fundi.

Mwalimu wa kwaya alikuja kuchukua kazi mwenyewe ili aipeleke redioni kabla hawajafunga. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, anatazama saa. Nikampa. Redio ya kijani sikuigusa. Bi Taratibu aliporudi safari aliniuliza kama nilisikiliza jikoni, nikamwambia ndiyo.

Siku wimbo ulipopigwa redioni mimi sikuwepo, najua tu aliyonisimulia Mama. Kwamba sebule ilijaa, kwamba alitoa hata viti vya jikoni, kwamba ulikaa karibu na redio yake umeweka mikono magotini. Kinanda kikaanza, waitikiaji wakaingia, na mahali pako pa kuimba pakapita patupu. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama alisema ilikuwa kama unaimba ukiwa nyumba ya jirani na milango yote imefungwa. Mpwa wa mwalimu, anayeimba sauti ya pili, alisikika kila neno. Watu walitazama sakafu. Yule mwenye duka la vipuri peke yake ndiye aliyeapa kwamba kwenye spika zake kubwa alikusikia waziwazi, wakamcheka, wakasema anakupenda huyo.

Kesho yake ulimfuata mwalimu mbele ya kwaya nzima. Ulimwambia amekutoa kwenye wimbo kwa wivu, kwa sababu wimbo aliutunga yeye na watu wakaanza kuuita wimbo wako. Akakujibu kwamba nyumbani kwake alikusikia vizuri kabisa. Ukaona anakukejeli. Ulimwachia sare yake mezani ukaondoka, na jioni ile ukanipigia mimi. Uliniuliza kama nilibadilisha chochote. Nilikuwa na nakala, nikavaa hedifoni, nikakusikia umejaa chumba. Nikakuambia kwangu upo, kwa hiyo kama redioni hukuwepo, basi aliyekutoa ni yeye. Neno hilo nililisema mimi. Wewe ulikuwa bado unauliza.

Wiki saba zilizopita Bi Taratibu alinifundisha kurekodi ngoma kubwa kwa maiki mbili, moja juu, moja chini. Tukasikiliza ya juu, ikavuma. Ya chini, ikavuma. Akaziweka pamoja. Ngoma ikafa. Ilibaki sauti kama ya mtu anayegonga boksi tupu. Nilidhani waya umekatika. Akachora kwenye karatasi wimbi linapanda na kushuka, na chini yake wimbi jingine linaloshuka pale lile la kwanza linapopanda. Akaniambia nijumlishe. Nikajumlisha kwa kidole, mahali kwa mahali, na kila mahali jibu lilikuwa sifuri. Sauti mbili nzima, zenye nguvu sawa, zikikutana zinaondoana. Kisha akageuza moja kwa kitufe kimoja, na ngoma ikarudi ikanipiga kifuani.

Sijawahi kuona jambo la ajabu kama lile katika maisha yangu, na nilikuwa natabasamu kama mjinga. Bi Taratibu akaendelea kueleza. Ukiwa na spika mbili, sauti iliyogeuzwa inapona, kwa sababu kushoto kunaimba kivyake na kulia kivyake. Lakini redio yenye spika moja inazijumlisha. Ndiyo maana, akasema, tunasimama jikoni.

Nilisubiri aende kula, nikafungua kazi yenu ya mwaka jana, nikabonyeza kitufe cha kuunganisha pande mbili kuwa moja. Kinanda kilikuwepo. Waitikiaji walikuwepo. Wewe hukuwepo. Kilichobaki ni mwangwi niliokuwa nimekuongezea kwa ajili ya urembo, unaimba mbali, nyumba ya jirani, milango imefungwa.

Dada, aliyeitoa sauti yako ni mimi. Mwalimu wako hakugusa kitu. Alikuambia kweli kwamba alikusikia, kwa sababu kwake kuna spika mbili, na yule bwana wa vipuri naye hakutia chumvi. Kila mtu alisema alichosikia, na ni mimi pekee niliyesema nisichokijua.

Laiti ningekuambia siku ile ile. Nimekaa wiki saba. Nimeandika barua nne, zote nimezichana. Nilijidai nasubiri nije likizo nikueleze uso kwa uso, lakini nilikuwa naogopa tu. Wewe ndiye uliyewaambia watu wote kwamba mdogo wako ni fundi. Simu ya Mama ndiyo iliyonivunja. Siku ya pili nilimweleza Bi Taratibu kila kitu, pamoja na uongo wa jikoni. Alisikiliza, akafuta miwani yake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hilo la sauti tutalirekebisha kwa kitufe kimoja. Hilo la dada yako halina kitufe, utaenda nalo mwenyewe."

Tulirekebisha. Nilifuta ile nakala, nikaiacha sauti yako moja, katikati, jinsi ulivyoimba. Ikasikika ndogo kuliko ile ya hedifoni na bora mara mia. Tukasimama jikoni na vikombe, na ulipoingia ubeti wa kwanza Bi Taratibu aliweka kikombe chini, akasahau kukichukua tena mpaka chai ikapoa.

Halafu akaniambia niipitie sauti yako yote upya, tangu mwanzo wa rekodi, kwa masikio na si kwa macho. Hapa ujue kitu kimoja. Sisi tukimaliza kurekodi mtu, huwa tunakata mwisho. Sauti kwenye skrini inaonekana kama milima, na ukiona milima imeisha, yamebaki mabonde ya kukohoa na viti, unakata bila kusikiliza. Nawe nilikukata hivyo hivyo. Lakini kilichokatwa hakifutiki, kimefichwa tu, ukivuta ukingo kinarudi. Nikavuta. Zilirudi sekunde arobaini.

Neno lako la mwisho linaisha. Unavua hedifoni, inagonga stuli. Nyayo zako zinaelekea nje na mlango unafungwa, na nyuma yako mimi nakukimbilia nikupongeze huku nimeiacha mashine inarekodi. Kinafuata kimya cha ukumbi ule. Kisha anasikika mwalimu, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, anamwambia mpiga kinanda, "Umesikia? Wimbo huu sasa si wangu. Ni wake." Mpiga kinanda anamwuliza kwa nini basi asikuambie mwenyewe. Mwalimu anapenga kamasi. Kimya kinarudi, kirefu, mpaka mlango unafunguka na unaingia wewe, unahema, unauliza kama urudie kwa sababu ubeti wa pili hukuupenda. Naye anakohoa, anarudisha ile sauti yake kavu tunayoijua wote, anasema, "Inatosha. Nenda kapumzike."

Hayo ya mwisho tu ndiyo uliyoyasikia, Dada. Mengine yalisemwa ukiwa nje, na mimi ndiye niliyeyakata.

Ndani ya bahasha nimeweka flashi ndogo. Wimbo wako ni wa kwanza, sekunde arobaini ni za pili. Barua nyingine kama hii nimemwandikia mwalimu, nimekiri yote, lakini sitaituma mpaka niwe na hakika kwamba wewe umesoma kwanza. Yeye mwenyewe hajui kama maneno yake yalinaswa. Nikimpelekea sekunde hizo au nisimpelekee, utaamua wewe. Na msamaha sikuombi kwa barua, nitakuja kuuomba nikiwa nimepiga magoti kama ulivyokuwa ukinipigisha nikivunja kikombe.

Nisalimie Mama, mwambie nitalishughulikia bomba nikija. Msalimie shemeji, na wapwa zangu mmoja mmoja kwa majina yao. Mwenye duka la vipuri umwambie kwamba masikio yake hayana kasoro, akitaka kazi aje. Afya yako uitunze, usibebe ndoo mbili kwa mpigo. Nami nasubiri kusikia kutoka kwako, hata kama ni ugomvi, ilimradi uwe kwa sauti yako.

Ni mimi, mdogo wako aliyekukosea,

Kelele